Tope la Tambarare

Katika kitongoji kimoja cha Uru, juu ya mji wa Moshi, aliishi mzee aitwaye Valerian, ambaye watu walimwamini kwa mambo mawili: kugawa maji na kutokunywa pombe. Mambo hayo mawili yalikuwa yameshonwa pamoja kama pande mbili za vazi moja. Ukivuta uzi wa huku, na kule kunafumuka.

Mfongo wao, yaani mfereji wa mababu uliotoka msituni na kushuka ukipinda kati ya migomba na mibuni, ulikuwa na zamu zake. Kila kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa na siku yake na saa yake, na asiyepata maji kwa zamu yake hupata kahawa iliyokunjamana. Mtunza mfongo aliyemtangulia Valerian alikuwa mtu mwema akiwa na kiu, na mtu dhaifu akiisha kunywa. Mwenye kutaka zamu ya jirani yake alimfuata jioni na kata ya mbege, pombe ya ndizi, akazungumza naye kwa upole, na asubuhi maji yalikuwa yamegeuza njia. Alipofariki mzee yule, wanakitongoji walikaa kwenye kingo za mfongo wakashauriana, wakasema kwamba safari hii wanamtaka mtu ambaye hanunuliki kwa kata. Jina lilikuwa moja tu. Valerian alikuwa ameweka nadhiri mwaka wa 1979, akiwa bado kijana, baada ya kulewa na kusahau kufunga banio la juu, maji yakashuka na kuzoa kitalu kizima cha miche ya kahawa cha mama mjane. Alilipa miche, akaenda kanisani, akaapa mbele ya padre na mbele ya mjane yule. Tangu siku ile, mbege haikupita kooni mwake.

Si kwamba aliikimbia. Mkewe, Mektrida, ndiye aliyekuwa mpishi wa mbege aliyesifika kutoka Uru hadi mjini, na pipa lake lilikaa nyuma ya jiko likichacha taratibu kwa ndizi na ulezi. Valerian alimkatia kuni, akambebea maji, akamsaidia kukoroga. Katika karamu, kata ilipomfikia, aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa heshima ya mwenyeji, kisha akampa aliye kando yake. Watu walikwisha kuizoea desturi hiyo hata hawakuiona tena.

Basi ilikuwa Januari ya mwaka 2001, siku ya sherehe ya kipaimara nyumbani kwa Herbert, jirani wa upande wa juu. Wazee walikaa kwenye benchi, kata ikazunguka. Valerian aliipokea, akaipitisha, halafu akahisi uvuguvugu ukipanda kifuani bila maumivu yoyote. Akainuka kwa adabu, asije akawachafulia wenzake, akaenda hadi kwenye ua wa masale. Huko akatapika damu. Haikuwa ya kutia doa leso, bali damu ya kujaa bakuli, na ya pili baada ya hiyo. Aliyemwona wa kwanza ni Gidioni, aliyekuwa amekaa kando yake na ndiye aliyeipokea ile kata kutoka mikononi mwake.

Herbert alimpakia kwenye pikapu yake, na Mektrida akakaa nyuma akiwa amemshika mumewe kichwa, wakateremka hadi hospitali ya rufaa. Njia nzima Mektrida alisali rozari, na Valerian alikuwa akimwomba msamaha kwa kuharibu khanga yake.

Wodini alipokelewa na daktari kijana mwenye haraka nyingi. Alimtundikia maji, akaagiza damu, na mtoto wao Faustin akatoa chupa moja. Kazi yake aliifanya vema, na hapana shaka aliokoa maisha. Ila alipokuwa akiandika, aliuliza bila kuinua macho:

"Mzee, kwa siku unakunywa kiasi gani?"

"Sinywi, daktari."

"Umeacha lini? Jana?"

"Mwaka sabini na tisa."

Kijana yule akatabasamu, akaandika maneno mengi kuliko aliyoambiwa. Kesho yake wakamshusha mgonjwa mpira mwembamba wenye kamera kooni, wakaona kwamba mishipa ya damu kwenye umio, ile njia ya chakula, imevimba na kujikunja kama minyoo iliyoshiba, na mmoja umepasuka. Wakauchoma sindano ya dawa ili ufunge. Kijana akamweleza Mektrida, kwa sauti ya kumhurumia, kwamba mishipa kama hiyo huvimba pale damu inapokosa njia ndani ya ini, na kwamba kwa wazee wa mlimani, aghalabu, kinacholiharibu ini kinajulikana. Hakutaja neno. Mektrida, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akikipika hicho kinachojulikana, hakuhitaji atajiwe.

Aliikunja ile khanga yenye damu bila kumtazama mumewe. Hilo ndilo lililomtisha Valerian alipolala pale akiitazama dari.

Siku ya saba alirudi nyumbani, na maneno yalikuwa yamekwisha kumtangulia. Hospitali ina wafagizi, wafagizi wana binamu, na binamu mmoja alikuwa wa Gidioni. Dukani, kinyozini, na kwenye ngazi za kanisa, ilisemwa kwamba Baba Stella, kama walivyomwita Valerian kwa jina la binti yake, ini limeoza. Gidioni, ambaye hakuwa mtu mbaya ila ulimi wake ulipenda kusikilizwa, alipata hadhira. Sisi wengine tunakunywa kwa kata mbele za watu, alisema, kumbe mwenzetu alikuwa na pipa lake mwenyewe nyuma ya jiko. Watu walicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha, na kwa sababu mtu mwadilifu akiteleza huwapa wengine nafasi ya kupumua.

Kicheko kile kilibeba jambo zito. Jumamosi ya mwisho ya Februari ilikuwa siku ya kusafisha mfongo kabla ya masika, na siku hiyo ndiyo mtunza mfongo huthibitishwa au hubadilishwa. Gidioni alianza kuuliza, kwa upole kabisa, ni nani ajuaye zamu ngapi zilikwisha kugeuzwa gizani na mtu anayekunywa gizani. Mwezi wa Januari maji yalikuwa haba. Kila ambaye kahawa yake ilinyauka akaanza kukumbuka.

Valerian aliyasikia yote. Yalimchoma, lakini hayakumchoma kama lile alilolikuta nyuma ya jiko asubuhi moja, alipokwenda kuchukua jembe. Kwenye pipa la mbege, upande wa ndani, chini kidogo ya ukingo, palikuwa na mstari wa mkaa. Mbege ilikuwa imekaa sawasawa na mstari ule. Alisimama akiutazama. Akakumbuka kwamba jana yake alimwona mkewe akiinama pale kwa muda mrefu. Miaka thelathini ya ndoa, watoto wanne, na sasa mwanamke huyu anapima kama mumewe anaiba.

Hakumlaumu. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajiuliza kwa unyoofu kama angekuwa yeye asingefanya vilevile, akajijibu kwamba angefanya. Usiku ule alipiga magoti kandokando ya kitanda na hakuomba afya. Aliomba Mungu amtetee jina lake.

Juma lililofuata alitakiwa kliniki. Mektrida alifunga kilemba, akachukua mkoba, akatangulia mlangoni bila kuulizwa kama anakwenda. Mara hii walikutana na daktari mwingine, mama wa makamo mwenye miwani, mzaliwa wa Machame, aitwaye Elinipendo. Aliwaamkia shikamoo, akawapa viti, akasoma jalada lote toka mwanzo hadi mwisho ilhali wao wanasubiri. Alipofika kwenye ule ukurasa wa daktari kijana, alipandisha miwani.

Alimlaza Valerian, akambonyeza tumbo chini ya mbavu za kushoto, akasimama hapo. Bandama lilikuwa limevimba kama papai changa. Akamfunua kope: macho yalikuwa meupe, bila umanjano. Akatazama viganja, akatazama miguu. Kisha akampeleka kwenye chumba cha picha, akampaka tumbo kilainishi cha baridi, akapitisha kile kifaa huku akiitazama televisheni ndogo kwa makini ya mtu anayesoma barua.

Waliporudi kuketi, hakuuliza mzee anakunywa nini. Aliuliza, "Baba, umelima wapi?"

Valerian alishangaa. Akamweleza kwamba kihamba chake kiko Uru, kama cha baba yake.

"Na kule chini?"

"Kule chini nimelima mpunga. Tangu themanini na nane hadi juzijuzi, tisini na tisa. Bei ya kahawa ilipoanguka, kikundi chetu kilikodi majaruba kwenye skimu mpya ya tambarare."

"Mlikuwa mnaogea wapi?"

Hapo Valerian alijinyoosha kitini, kwa maana hili lilikuwa jambo analojivunia. Akamweleza daktari mambo ambayo mtoto yeyote wa Uru aliyelelewa vizuri anayajua. Mtu wa mlimani hapandi nyumbani na tope la tambarare. Wazee walisema homa ya kule chini hukaa katika lile tope, na mtu akilibeba miguuni hulileta kihambani kwa watoto. Bibi yake alikuwa akiwarudisha watu langoni. Kwa hiyo kila siku ya kupandikiza na ya kupalilia, kazi ilipokwisha saa sita, yeye hakufanya kama wavivu waliopanda lori na matope yao. Alishuka ndani ya mfereji, pale penye kina cha kiuno ambapo maji ni tulivu na yamepashwa na jua, akajisugua mwili mzima, akakaa humo hadi lori lilipopiga honi saa nane. Wenzake wengi wa Uru walimwiga.

"Maji yalikuwa safi?"

"Safi, daktari. Unaona mpaka chini. Na konokono wake wadogo, wanene, wamelala kwenye majani. Kwetu tunasema maji yenye uhai."

"Ukitoka unawashwa?"

"Sana. Nilijua ndiyo uchafu unatoka."

Daktari Elinipendo akafunika uso kwa kiganja kwa muda mfupi, si kwa dharau. Akauliza kama hakuna aliyemwonya. Valerian akasema, kwa kuwa hakuwa mwongo hata kwa yasiyompendeza, kwamba mama mmoja wa kule chini aitwaye Digna, aliyekuwa na jaruba la jirani, alimwambia mwaka ule wa kwanza kabisa. Watu wa tambarare walikuwa wanaoga maji ya kisima cha pampu. Digna alisimama ukingoni na ndoo kichwani, akamwambia, baba, humo unamooga sisi hatumtumbukizi hata mtoto tunayemchukia. Na yeye akacheka hadi akakaa majini. Mtu wa Uru, mwana wa mfongo, afundishwe maji na mtu wa nyikani!

Mektrida akageuza uso kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu sherehe ya Herbert.

Wakachukua kipimo cha choo, kilicholetwa ndani ya kibiriti. Ilichukua siku tatu na vipimo vitatu, maana mayai ya mnyoo yule katika ugonjwa wa siku nyingi hayapatikani kwa urahisi, na siku ya tatu daktari akawaita chumba cha maabara, akamketisha Valerian mbele ya hadubini. Alifumba jicho moja. Katika duara la mwanga aliona kitu kirefu kilichofanana na punje ya mpunga, rangi ya asali, na ubavuni mwake mwiba mmoja mkali.

"Hiki ndicho kilichokutapisha damu," daktari akasema. "Ni yai la kichocho cha tumbo."

Valerian alikijua kichocho kwa jina. Kile cha watoto wa shule wanaokojoa damu. Hakujua kama kina ndugu. Daktari akachora kwenye karatasi. Vijidudu hutoka kwa konokono jua likiwa kali, saa sita, saa saba. Hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Ndani ya mwili hukua, wakawa minyoo, dume na jike, wakaenda kuishi ndani ya mishipa ya damu inayotoka kwenye matumbo. Humo hawali nyama wala hawaumi. Hutaga tu. Mayai mengine hutoka na choo, lakini mengine huchukuliwa na damu hadi katika ini, na huko vile vijishipa ni vyembamba mno, yai halipiti. Linakwama. Mwili unalizungushia kovu. Kesho linakuja jingine. Baada ya miaka kumi kuta za mishipa ile zimekuwa nene na ngumu, njia imeziba, na damu yote iliyotakiwa kupita humo inarudi nyuma kutafuta pengine. Bandama linavimba. Mishipa ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo, inatanuka, inatanuka, kisha unapasuka ule ulio mwembamba kuliko yote.

"Ini la mlevi linakuwa limeharibika lote," akamalizia, akimwelekea Mektrida, kama aliyekwisha kujua nani hasa anahitaji jibu. "La Baba ni zima. Nyama yake ni nzuri. Iliyoharibika ni mifereji yake tu."

Valerian aliitazama ile michoro kwa muda. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akaufuata hadi ulipoziba, akarudi nyuma nao.

"Nimeelewa," akasema. "Hii ndiyo kazi yangu."

Akapewa vidonge vya kuua minyoo, vichungu na vikubwa, vyote avimeze kwa siku moja. Na dawa nyingine ya kila siku ya kupunguza nguvu ya damu katika mishipa. Na tarehe za kurudi kuchomwa tena sindano kooni mpaka mishipa yote iliyovimba ifungwe. Daktari hakumficha kwamba makovu hayafutiki. Minyoo itakufa, ila njia zilizoziba hazitazibuka zote, kwa hiyo asibebe mawe tena, wala magunia, na akiona choo cheusi kama lami aje mbio. Valerian akauliza kama anaweza kushika jembe jepesi. Akaambiwa jembe jepesi anaweza.

Jioni ile, walipofika, Mektrida hakuvua hata kilemba. Alichukua kitambaa, akakichovya majini, akaenda nyuma ya jiko. Valerian alimsikia akisugua. Alipotoka, kitambaa kilikuwa cheusi. Akakifua, akakianika, akaja kuketi kando yake kwenye benchi.

"Uliuona," akasema.

"Niliuona."

"Siku kumi nilikwenda kuutazama kila asubuhi, Baba Stella, nikikuta mbege haijashuka nashukuru, kisha naona aibu kwa kushukuru."

Valerian akamwambia kwamba kama angekuwa na pipa, naye angechora. Mektrida akacheka huku machozi yakimtoka, akaenda kumchemshia mtori wa ndizi.

Jumamosi ya mwisho wa Februari ikafika. Watu walikusanyika mapema pale juu ya vihamba ambapo mfongo hugawanyika njia tatu, wanaume na majembe na mapanga, wanawake na vikapu vya ndizi za kuchoma. Kazi ilipokwisha, na mbege ya Mektrida ilipoletwa, mzee wa kitongoji, Thadeus, aliuliza kama yuko mwenye neno kuhusu mtunza mfongo. Kisha Gidioni akasimama, akasafisha koo. Alisema kwamba yeye hana ugomvi na Baba Stella, ni jirani yake na wametahiriwa mwaka mmoja. Ila mfongo si wa mtu, na waliomchagua walimchagua kwa jambo moja.

"Sisi tumekaa hapa na kata zetu mikononi, tunaonekana," akasema. "Ini halina pa kujificha. Atuambie tu, alikuwa anakunywa saa ngapi?"

Wengine wakacheka chinichini. Valerian hakukasirika. Aliinuka polepole, akaomba jembe jepesi. Akashuka hadi ukingo wa njia ya katikati, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa wazi saa ile, akaomba watu wasogee. Akachukua majani makavu ya mgomba, konzi moja ndogo, akayatupa majini upande wa juu, yakaenda yakakwama kwenye mawe ya mlango wa njia ile. Akatupa konzi nyingine. Na nyingine. Watu walianza kumwona kama aliyepungukiwa akili, na Thadeus akafungua kinywa ili amzuie.

Ndipo maji yakaanza kupanda. Mlango ukiwa umezibwa na taka, yalirudi nyuma, yakatuna, yakajaa mfongo hadi ukingoni, yakaanza kutafuta. Walisimama wote wakiyatazama, kwa sababu watu wale hawawezi kuona maji yanatafuta wakaendelea na mazungumzo mengine. Hatua ishirini juu ya pale, upande wa kushoto ambapo ukingo ulikuwa wa udongo mwembamba, pakatokea unyevu, kisha tone, kisha kipande kizima kikaanguka na maji mekundu yakamwagika nyasini.

"Gidioni," Valerian akasema, "mfongo umekunywa saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Valerian akaondoa majani, maji yakatulia katika njia yake. Wawili wakaruka kwenda kuziba ukingo. Akiwa ameegemea mpini wa jembe, akawaeleza: ukingo uliobomoka hauna kosa, kosa liko kule chini mlangoni, na mishipa ya koo lake ni ukingo ule, na mlango ni ini, na majani makavu ni mayai ya mnyoo, yanaletwa moja moja kwa miaka kumi na mitatu. Akatoa cheti cha maabara mfukoni, akampa Thadeus asome. Thadeus akakisoma kwa sauti, pole pole, na alipofika kwenye neno kichocho alirudia mara mbili.

"Nilikipata wapi?" Valerian akaendelea. "Katika usafi wangu. Nilikuwa najiosha tope la tambarare saa sita mchana ndani ya mfereji wa mpunga, nisilete ugonjwa nyumbani. Nikauleta ndani ya damu. Na mama mmoja wa kule alinionya, nikamcheka kwa sababu mimi natoka kwenye mfongo. Maji ya huku ni baridi na yana mbio, konokono yule hakai. Ya kule si ndugu wa haya. Nilidhani maji yote yananijua."

Kisha akauliza ni wangapi kati yao waliolima mpunga kule chini pamoja naye na kuoga pamoja naye. Mikono haikuinuka kwa haraka. Ulipanda wa Herbert, ukapanda wa Basili, ikapanda mingine saba. Gidioni alikuwa amesimama bado. Alikuwa wa kwanza kushuka majini kila siku, kila mtu alilijua hilo, kwa sababu alikuwa akiimba humo. Akautazama ukingo uliobomoka. Akakaa.

Thadeus hakupigisha kura. Aliuliza kama yuko mwenye neno jingine, na alipoona hakuna, akaipeleka kata kwa Valerian wa kwanza. Valerian akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akampa Gidioni. Gidioni akaipokea, akaishika kwa muda, akampa aliyefuata bila kunywa.

Jumatatu, kabla jua halijapanda vizuri, mbwa alibweka langoni. Valerian alitoka, akamkuta Gidioni amesimama nje ya ua, amevaa koti lake la kanisani. Katika mkono wa kuume alishika jani la sale lililofungwa fundo, ambalo kwa watu wa mlimani ni ombi la msamaha, na anayeletewa hawezi kulikataa. Mkono wa kushoto aliuficha nyuma.

"Baba Stella, shikamoo," akasema, ingawa walikuwa rika moja na hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba. Leo nimezeeka ghafla?" Valerian akalipokea jani kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango wake. Kisha akaashiria kwa kidevu. "Na huo mkono mwingine umeleta nini?"

Gidioni akatazama kulia na kushoto. "Huu si wako. Ni wa daktari." Akauleta mbele. Katika kiganja palikuwa na kibiriti kilichofungwa uzi mara nne kwa uangalifu mkubwa. Ilionekana kwamba alikuwa amekaa nacho kwa muda, akitafuta ujasiri. Akasema kwamba Filbert mwanawe alitaka kumsindikiza, lakini yeye hakutaka kwenda na mtoto kwenye jambo kama hili. Alitaka mtu anayeijua njia.

Valerian akamwita Mektrida, akamwomba koti lake. Mektrida akatoka nalo na chupa ya chai, akaona sale mlangoni, akaona kibiriti, akaingia ndani haraka ili acheke pasipo mtu kumwona.

Waliteremka pamoja kwa kufuata mfongo. Gidioni aliuliza kama ule mpira wa kooni unauma, Valerian akasema unauma kidogo kuliko maneno. Gidioni akakubali kwamba ni haki yake kusema hivyo. Akauliza tena kama ni kweli mtu huoneshwa yai lake mwenyewe kwenye hadubini. Akaambiwa ni kweli, na kwamba ni zuri, rangi ya asali, isipokuwa lina mwiba. Gidioni akatafakari hilo hatua nyingi.

Walipofika pale mfongo unapogawanyika, Valerian akasimama kutazama jua, akahesabu kimoyomoyo. Ilikuwa zamu ya Gidioni, kuanzia asubuhi hadi saa sita. Katika wasiwasi wake, Gidioni alikuwa ameisahau. Valerian akainama, akavuta kwa mkono mmoja ule ubao mwepesi, na maji yakageuka bila kelele yakaelekea kwenye kihamba cha Gidioni, yakiwa baridi na yenye mbio.

"Yatakunyweshea kahawa yako mpaka turudi," akasema. "Twende."